Mahali na Kazi Yake: Nani Mwenye Haki ya Kuchagua?

Kila makazi ya watu yana maamuzi mawili ndani yake: yakae wapi, na yaishi kwa kazi gani. Mara nyingi maamuzi hayo hayafanywi siku moja wala na mtu mmoja. Mji huanzia kwenye kisima, kivuko, njia panda au stesheni, na kazi yake hujulikana baadaye, watu wakishazoea kuja hapo kutafuta kitu fulani. Lakini ipo pia miji na vijiji ambavyo mtu aliyekaa mbali alivichora kwanza kwenye ramani, akavipangia kazi, kisha akatafuta watu wa kuifanya. Hapo ndipo linapozaliwa swali la kale la kifalsafa: je, mahali pana kazi yake kwa asili, au kazi hiyo hupangwa na mwenye nguvu? Na kama hupangwa, nani ana haki ya kuipanga?

Michezo ya video ya kujenga miji imeliweka swali hili wazi kuliko vitabu vingi. SimCity, uliobuniwa na Will Wright na kutolewa mwaka 1989, ulimpa mchezaji ardhi isiyo na mtu na mamlaka ya kuamua kila kitu juu yake. Toleo lake la mwaka 2013 lilikwenda mbali zaidi. Mchezaji hupewa mkoa mzima wenye viwanja kadhaa vya miji, kila kimoja chenye ukubwa wa takriban kilomita 2 kwa 2. Kabla ya kuanzisha mji husoma ramani za rangi zinazoonyesha maji ya chini ya ardhi, makaa ya mawe, madini, mafuta na mwelekeo wa upepo. Kisha huuelekeza mji kwenye kazi moja au mbili: uchimbaji wa madini, mafuta, biashara, vifaa vya elektroniki, kamari, au utalii wa mambo ya utamaduni. Mji usio na umeme wa kutosha hununua kwa jirani, na wenye wafanyakazi wengi huwapeleka kwingine. Makaa yakiisha, mchezaji huuacha mji ule na kufungua mwingine.

Mchezaji huyo hukubali dhana tatu bila kuulizwa. Anakubali kwamba ardhi imekwisha kusema inafaa kwa nini, na kwamba ramani imenakili maneno yake yote. Anakubali kwamba anayetazama kutoka juu huona zaidi ya anayeishi chini. Na anakubali kwamba watu watafuata: mgodi ukifunguliwa watahamia, ukifungwa wataondoka, bila kuacha nyuma makaburi wala mashamba ya baba zao. Dhana mbili za kwanza zinaweza kupimwa kwa elimu ya udongo na ya mipango. Ya tatu ni ya maadili, na ndiyo nzito kuliko zote.

Wanafalsafa waliliona jambo hili mapema. Plato, katika Jamhuri, anaujenga mji kwa maneno juu ya kanuni kwamba kila mtu afanye kazi moja inayolingana na tabia yake, na haki ya mji mzima anaiegemeza hapo. Katika Sheria, kitabu cha uzeeni mwake, anauliza pia mji mpya utakuwa umbali gani kutoka baharini, kwa kuwa bandari huleta biashara na biashara hubadili tabia za watu. Kwake, basi, mahali huumba maadili. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddimah mwaka 1377, ana jicho la mtu aliyeona miji ikifa. Anataja mambo ya kuzingatiwa mtu anapochagua mahali pa mji: ulinzi, hewa safi, maji ya karibu, malisho, mashamba na kuni. Kisha anawalaumu walioanzisha Basra, Kufa na Kairouan kwa kufikiria malisho ya ngamia wao na kuyasahau mengine, jambo ambalo kwa maoni yake liliharakisha kudhoofika kwa miji hiyo. Lawama yake inagusa kiini cha suala: aliyechagua alipima ardhi kwa haja yake mwenyewe, na waliokuja baada yake ndio waliolipa.

Katika Mkoa wa Morogoro, Tanzania, kuna eneo ambalo linaweza kusomwa kama ramani ya mchezo huo, tofauti ikiwa kwamba watu wake ni wa kweli. Kilosa, kando ya Mto Mkondoa, ilikua na Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani, iliyotoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Baadaye ikawa mji wa mkonge, na mashamba makubwa yakaenea Kimamba na Rudewa. Mikumi ina barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na jirani yake ni Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba zipatazo 3,230. Kidatu, upande wa Wilaya ya Kilombero, ina bwawa la umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu lililoanza kuzalisha katikati ya miaka ya 1970, na uwezo wake ni megawati 204. Katikati ya Mikumi na Kidatu, kaskazini mwa mto huo, iko Ruhembe, nchi ya miwa. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, ikaviunga vipande hivi. Usafiri, utalii, umeme na sukari: hata mchezaji hodari asingeugawa mkoa kwa unadhifu zaidi.

Ruhembe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi kazi ya mahali inavyozaliwa. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianza na kiwanda cha Msolwa, kusini mwa mto, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanda cha pili, kinachoitwa Ruembe, kilijengwa upande wa kaskazini katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilibinafsishwa, Illovo ya Afrika Kusini ikaingia kama mwekezaji mkuu na serikali ikabaki na robo ya hisa. Tangu hapo wakulima wadogo wanaopeleka miwa kiwandani wameongezeka sana, wakaunda vyama vyao, na mashamba ya miwa yakapanda hadi mipakani mwa nyumba.

Je, ardhi ya Ruhembe ilikuwa imeandikiwa miwa? Jibu la mtaalamu wa kilimo litakuwa ndiyo: joto lipo, mvua ipo, mito inashuka kutoka milimani, na udongo wa bonde ni mzito. Lakini sifa hizohizo ndizo zinazotakiwa na mpunga, na Bonde la Kilombero linajulikana Tanzania nzima kwa mchele. Mahindi na ndizi pia hustawi huko. Kilichoamua ni kiwanda. Muwa ukishakatwa, sukari iliyomo huanza kupungua ndani ya siku moja au mbili. Tena muwa ni mzito kwa maji yake, na kuusafirisha mbali kunakula faida yote. Kwa hiyo mashine ya kusaga ikisimikwa mahali, duara huchorwa kuizunguka, na kila shamba lililo ndani ya duara hilo huanza kuitwa ardhi inayofaa kwa miwa. Ardhi ilikuwa na uwezo mwingi, na uamuzi wa watu ukauita mmoja kati ya huo. Kusema kwamba ardhi yenyewe ndiyo iliyochagua ni kumficha mchaguzi.

Hoja hii haifuti faida ya kujikita katika kazi moja. David Ricardo alieleza mwaka 1817 kwamba pande mbili zinaweza kunufaika kila moja ikizalisha kile inachokizalisha kwa hasara ndogo zaidi, kisha zikabadilishana. Ruhembe inathibitisha sehemu ya maelezo hayo: fedha za miwa zimejenga nyumba za matofali ya kuchoma, zimelipa ada za shule, zimeleta maduka na vibanda vya miamala ya simu. Vijana kutoka mikoa ya mbali huja kila msimu kukata miwa. Umaskini wa kijiji kisicho na zao la kuuza ni mgumu, na anayeusifu kwa jina la asili hajauishi.

Ila nadharia ya Ricardo humtazama mzalishaji anayeweza kubadili kazi. Muwa haumwachi mtu abadili upesi. Hupandwa mara moja, hukaa mwaka au zaidi kabla ya mavuno ya kwanza, kisha huchipua tena kwa misimu kadhaa. Anayeng'oa mapema hupoteza alichowekeza. Mnunuzi wa karibu ni mmoja, mizani ni yake, na kipimo cha utamu wa muwa ni cha maabara yake. Mvua ikiwahi, barabara za mashambani zikawa tope, au kiwanda kikasimama kwa matengenezo, miwa iliyokwisha kuchomwa moto kwa ajili ya kuvunwa hubaki shambani ikiharibika. Kaya iliyogeuza eka zake zote kuwa miwa hununua unga na mchele dukani kama mtumishi wa mjini, bila kuwa na mshahara wa kila mwezi. Uhuru wake umebadilika umbo: ana fedha zaidi mkononi na njia chache zaidi mbele yake.

Mkonge wa Kilosa ulikwisha kuonyesha mwisho wa njia hiyo unavyoweza kuwa. Kwa miongo kadhaa manamba walitoka mbali kuja kuukata, na mji uliishi kwa bei iliyopangwa ng'ambo. Nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni duniani, bei ikaanguka katika miaka ya 1960 na mashamba yakadorora, mengine yakarudi kuwa vichaka. Katika mchezo, huo ndio wakati wa kufunga mji na kufungua mwingine. Kilosa haikufungwa. Watu walibaki kati ya mistari ya mkonge uliokufa, katika wilaya ambayo ardhi kubwa na nzuri ilikuwa na hati za mashamba ambayo hayakulimwa, huku wakulima na wafugaji wakigombea iliyobaki. Vijiji kama Twatwatwa vilitengwa kwa ufugaji, vingine vikahesabiwa kuwa vya wakulima, lakini mifugo na maji havifuati mistari ya karatasi. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Msiba huo una sababu nyingi, na kuutia wote kwenye mipango ya ardhi kungekuwa kurahisisha mno. Bado hauwezi kuelezwa bila mipango hiyo.

Dhana ya jicho la juu nayo ina kumbukumbu yake karibu na hapo. Mwaka 1946 Uingereza ilituma wataalamu kuchunguza mahali pa kulima karanga kwa wingi Tanganyika. Uchunguzi ulifanywa kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Kongwa, nje kidogo ya milima inayoizunguka Kilosa upande wa magharibi, ikachaguliwa kuwa kitovu. Kutoka angani nchi ilionekana pana na tupu. Wagogo waliijua kwa ukame wake, na udongo wake wa mfinyanzi ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Aliyeishi chini alikuwa na elimu ambayo ramani haikuwa na rangi ya kuionyesha, na hakuna aliyemuuliza.

Swali la nani ana haki ya kuchagua lina historia ndefu Kilosa kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Msowero, alikokuwa chifu Mangungo, iko katika wilaya hiyohiyo. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters aliondoka hapo na karatasi yenye alama ya mkono ya chifu huyo, na kwa karatasi za aina hiyo kutoka Usagara na nchi jirani, Ujerumani ikadai haki ya kuleta walowezi na kuitumia ardhi itakavyo. Kila mwanafunzi wa Tanzania husoma kisa hicho kama ulaghai, na ni kweli. Lakini ndani yake kuna kosa la pili, ambalo lingebaki hata kama Mangungo angeelezwa kila neno: kazi ya nchi iliamuliwa mara moja, na mtu mmoja, kwa niaba ya wote watakaozaliwa humo.

Julius Nyerere aliliona kosa la namna hiyo, na mawazo yake ndiyo yenye uzito zaidi katika mjadala huu kwa upande wa Afrika Mashariki. Katika maandiko yake ya Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini, na yale ya Oktoba 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alishikilia kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mwingine; hujiendeleza wenyewe, na kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ilitakiwa ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa kwa malori ya serikali na ya jeshi, wengine nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara, kwa kuwa huko gari la ofisa lilifika kwa urahisi, na maji na mashamba yakawa mbali. Nia haikuwa kuwaibia watu. Shule, zahanati na visima vilikusudiwa kwa dhati, na vingi vilijengwa. Lakini hapo ndipo fundisho lilipo: mtu mwema aliyeandika kwa ufasaha kuliko yeyote juu ya ridhaa aliikosa subira ya ridhaa, na ukubwa wa mamlaka ulimwezesha kuikosa.

Dini mbili kubwa za eneo hili zina neno hapa. Qur'ani inamweka binadamu duniani kuwa khalifa, na Mwanzo inamweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Katika zote mbili mpangaji wa ardhi ni mwenye dhamana, na mwenye dhamana ataulizwa. Zote mbili pia zinasimulia habari za Yusuf, aliyepanga uchumi wa Misri: kuweka akiba miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kisa hiki husomwa kama sifa ya mpango mzuri, nacho kinastahili sifa hiyo. Simulizi ya Biblia, hata hivyo, inaendelea hadi sehemu ambayo haihubiriwi mara nyingi. Njaa ilipozidi, watu walilipia nafaka kwa fedha, fedha zilipokwisha wakatoa mifugo, kisha wakatoa mashamba na miili yao wenyewe, na ardhi ya Misri ikawa ya Farao. Waliokoka, na walishukuru. Mpango uleule uliowaokoa uliwaacha watumwa kwenye mashamba yaliyokuwa yao. Msomaji wa Ruhembe au Kimamba hahitaji kuelezwa kwa nini sehemu hiyo ni muhimu.

Kutokana na haya unaweza kupatikana mtihani wa kimaadili kuhusu uamuzi wa mahali, na una pande mbili. Upande wa kwanza ni hasara: ikiwa uamuzi utakwenda kombo, nani atalala njaa? Mchezaji hapotezi chochote, na hilo peke yake linamwondolea haki ya kuwa mfano wa mtawala. Upande wa pili ni uwezo wa kukataa, au angalau wa kubakiza sehemu. Mkulima anayeacha eka moja ya mpunga kando ya miwa yake huonekana mzembe kwa kipimo cha tija. Kwa kipimo cha uhuru, eka hiyo ndiyo inayomwezesha kungoja bei, kudai mizani ikaguliwe, na kutouza kwa hofu.

Mtihani huu hauipi jamii ya hapohapo ushindi kila mara. Umeme wa Kidatu huwasha taa za watu wengi walio mbali na Ruaha Mkuu, na tembo wa Mikumi ni urithi wa taifa na wa dunia. Yapo maamuzi ambayo kijiji kimoja hakiwezi kuachiwa peke yake. Lakini pale faida inapoenea nchi nzima na hasara ikabaki kwa majirani wachache, deni lipo, nalo linapaswa kuitwa deni. Kwa mkulima ambaye mazao yake yameliwa na wanyamapori, serikali ina utaratibu wa malipo yanayoitwa kifuta jasho, na kwa ambaye ndugu yake ameuawa, kifuta machozi. Hayo hayahesabiwi kuwa fidia. Kwa mtihani huu, ni madogo mno kwa anayebeba gharama ya hifadhi ya watu wote.

Mito nayo inaikatalia ramani yenye mipaka ya kila mji peke yake. Maji ya Kidatu hutegemea yanayofanywa Usangu, mamia ya kilomita juu, na miaka ya 1990 maji ya mabwawa yalipopungua, nchi nzima ilipata mgao wa umeme. Mkondoa, uliovuta reli na mji wa Kilosa kwenye kingo zake, ulivunja tuta lake Desemba 2009, ukasomba nyumba, ukakata reli na kuwaacha maelfu wakiishi kwenye mahema. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepitishwa katika mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Mahali palipochaguliwa vizuri kwa karne moja huenda pasifae karne inayofuata, na ndiyo sababu uamuzi unaofunga njia zote za kurudi nyuma una kasoro hata ukiwa na faida leo.

Tanzania ina sheria inayokaribia mtihani huu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kusikilizwa kabla ardhi ya kijiji haijahamishiwa matumizi mengine. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano huo unaweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, na kijiji hubaki na mapendekezo. Mpangilio huo unampa mwanakijiji sauti ya mwisho juu ya mradi mdogo, ambao angeweza kuuvumilia ukimshinda, na unamnyang'anya sauti hiyo kwenye mradi mkubwa, ule unaoweza kuigeuza nchi yake yote kuwa ya kazi moja. Umekaa kinyume, na unapaswa kurekebishwa.